LSAT ya Kwenye Skrini: Dalili, Chanzo na Tiba

Fundi asiye na mita hubadilisha spea mpaka bahati imwangukie. Leo plagi, kesho betri, keshokutwa koili, na mwenye gari analipia vyote. Wengi wanaojiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria, wanajitengeneza kwa mtindo huohuo. Alama zikigoma wananunua kozi. Zikigoma tena wanaongeza kitabu. Zikigoma mara ya tatu wanaamua kwamba Kiingereza chao ndicho kibovu, na hakuna aliyekipima.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasaidia, jioni jioni, wazungumzaji wenzangu wa Kiswahili walioko Marekani na Kanada, pamoja na wachache wanaoomba vyuo wakiwa bado Dar au Nairobi. Malalamiko yao ni yaleyale, ndiyo maana nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotangulia ndicho ninachokikuta mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi usiogharimu kitu.

Mtihani wenyewe, kwa ufupi

LSAT husimamiwa na LSAC, baraza la udahili wa shule za sheria, na hutumika kuingilia shule za sheria za Marekani na Kanada. Tangu Agosti 2024 una vipande vinne vya dakika 35 kila kimoja. Viwili ni vya Logical Reasoning, ambavyo hapa naviita Mantiki. Kimoja ni cha Reading Comprehension, nakiita Ufahamu. Kinachobaki hakihesabiwi, kinaweza kuwa Mantiki au Ufahamu, na hutaambiwa ni kipi, kwa hiyo fanya vyote kama vinahesabiwa. Baada ya kipande cha pili kuna mapumziko ya dakika 10. Alama huanzia 120 na kuishia 180, na jibu la kosa halikupunguzii kitu. Insha hufanywa kivyake, kwa kompyuta yako, siku unayochagua: dakika 15 za kupanga mawazo na 35 za kuandika.

Ila kabla hujalipa ada, jiulize kama unauhitaji kweli. Kama una LLB (shahada ya kwanza ya sheria) ya Tanzania, Kenya au Uganda na unakwenda kusoma LLM, yaani uzamili wa sheria, ya mwaka mmoja, kwa kawaida LSAT haihusiki kabisa. LSAT ni ya wanaoomba JD, ile shahada ya sheria ya miaka mitatu, na hata huko shule nyingi siku hizi zinapokea GRE, mtihani mwingine wa kuingilia masomo ya juu. Nimewahi kukutana na mtu aliyejisomea miezi minne kwa ajili ya LLM. Fungua ukurasa wa shule unayoitaka, soma masharti, ndipo uendelee na mengine.

Dalili: "Nimefanya majaribio kumi, alama ziko palepale"

Chanzo cha kwanza: unafanya jaribio, unaangalia alama, unafunga laptopu, na Jumamosi ijayo unafanya jingine. Huko ni kujipima joto mara kumi ukitegemea homa ishuke yenyewe.

Mita ya kupimia ipo na ni ya bure. Fanya kipande kimoja cha Mantiki kwa dakika 35 kamili, na kila swali unalosita uliwekee alama ya bendera. Muda ukiisha usitazame majibu sahihi. Kunywa chai, kisha rudi kwenye maswali yenye bendera uyafanye upya bila saa, taratibu, na jibu la pili uliandike pembeni ya lile la kwanza. Sasa sahihisha yote mawili. Utapata namba mbili, ya kwenye saa na ya bila saa.

Zikiachana sana, tuseme 14 kwenye saa na 22 bila saa kati ya 25, kichwa chako kinaelewa na tatizo ni muda. Ruka hadi dalili inayohusu muda. Zikikaribiana, 14 na 15, hata ukipewa mchana kutwa utakosea yaleyale, na mbinu za kukimbia hazitakusaidia. Shida iko kwenye kusoma hoja.

Dada mmoja anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee alinijia akiwa ameshalipia kozi mbili za "kuongeza kasi". Tulipopima, namba zake zilikuwa 13 na 13. Kasi haikuwa na kosa lolote. Tuliacha saa kwa mwezi mzima, tukawa tunafanya maswali manane tu kwa siku, kila moja akinieleza kwa Kiswahili kwa nini majibu manne ni mabaya. Wiki mbili za mwanzo alichukia. Ya tatu alianza kunikatiza katikati ya sentensi, na hapo nikajua tumefika.

Chanzo cha pili: vifaa vimepitwa na wakati. Ukifungua kitabu ukakuta mafumbo ya kupanga watu saba kwenye viti, nani akae karibu na nani, kitabu hicho ni cha kabla ya Agosti 2024. Mafumbo hayo yaliondolewa. Mantiki na Ufahamu vya humo bado vinafaa, kwa hiyo usikitupe, ruka tu sura hizo. Wapo pia wanaoelekezwa na kaka zao kwenda Khan Academy. Masomo ya LSAT ya kule yalifungwa 2024, na sasa mahali pa kuanzia ni LawHub, tovuti ya LSAC yenyewe, ambako akaunti ya bure inakupa majaribio machache halisi na ya kulipia inafungua mengine mengi. Majaribio ya muundo mpya yana namba kuanzia 101.

Chanzo cha tatu: maswali bandia. Maswali yaliyotungwa na mtu au na programu ya akili mnemba hufanana na LSAT kwa sura, lakini mara nyingi jibu lao "sahihi" linabishaniwa. Ukiyazoea unajifunza kubahatisha mawazo ya mtungaji. Tumia maswali halisi, hata kama ni machache na unayarudia.

Tiba ya vyote vitatu ni daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika mistari mitatu kwa lugha unayoifikiria haraka: nini kilinivuta kwenye jibu la kosa, neno gani ndani yake lilipaswa kunishtua, na mara nyingine nitaangalia nini kwanza. "Sikuwa makini" haikubaliwi daftarini. Andika neno lenyewe lililokuponyoka.

*Simama hapa:* umeshika daftari kwa wiki sita au nane na namba ya bila saa haijasogea hata kidogo? Huo ndio wakati wa kulipa mwalimu. Kabla hujatoa hela, mpe swali moja ulilokosa umsikilize akilieleza. Akikimbilia kukuambia jibu badala ya kukuuliza ulifikaje kwenye jibu lako, mshukuru na utafute mwingine.

Dalili: "Naelewa kila neno, jibu silipati"

Hii ndiyo dalili inayosingiziwa Kiingereza kuliko zote. Kwa kiasi fulani ni kweli, ila si kwa msamiati ambao watu wanaukariri usiku. Shida iko kwenye maneno madogo ambayo Kiswahili cha kila siku hakiyagawi namna mtihani unavyoyagawa.

Chukua "many" na "most". Sisi tunasema "wengi" kwa yote mawili. Kwenye LSAT "most" ni zaidi ya nusu, wakati "many" haikuambii sehemu gani ya jumla. Wakikwambia wanafunzi "most" wana simu na "most" wana baiskeli, lazima yupo angalau mmoja mwenye vyote viwili, kwa sababu nusu na zaidi mara mbili haziwezi kupishana bila kugusana. Wakisema "many", hakuna lazima yoyote. Mwenye "wengi" moja kichwani anapoteza swali hilo bila kujua limepotelea wapi. Kwenye daftari lako tafsiri "most" kama "walio zaidi ya nusu" kila mara, mpaka mkono uzoee.

Vivyo hivyo "some". Tukisema baadhi ya wageni wamefika, msikilizaji anaelewa kuna ambao bado. LSAT haielewi hivyo: "some" ni kuanzia mmoja, na inaweza kuwa wote.

Kisha kuna "unless", ambayo imewaliza watu wazima. Tafsiri ya shuleni, "isipokuwa", inakuchelewesha. Tumia "mpaka" na sentensi ya kukanusha: hupandi basi mpaka uwe na tiketi. Inatuambia kwamba kila aliyepanda ana tiketi. Haituambii kwamba kila mwenye tiketi atapanda, na waulize waliowahi kuuziwa siti moja watu wawili wakati wa sikukuu. "Only if" ni ndugu wa "unless". "If" peke yake ni kinyume chake. Nusu ya mitego ya Mantiki imejificha kwenye kugeuza sentensi hizi kichwa chini.

Chanzo cha pili ni kuchagua jibu la kweli badala ya jibu linalohitajika. Hapa ngoja nichukue mfano mmoja niuchambue.

*Mama lishe anahamisha meza yake kutoka stendi ya zamani kwenda stendi mpya. Stendi mpya ina abiria wengi kuliko ya zamani. Kwa hiyo atauza zaidi.*

Swali linauliza hoja hii inategemea dhana gani ya lazima. Majibu mawili yanabaki mezani. La kwanza: abiria wote wa stendi mpya wanapenda chakula cha mama lishe. La pili: angalau baadhi ya abiria wa stendi mpya watanunua chakula hapo stendi. Wengi wanakimbilia la kwanza kwa sababu linaisaidia hoja kwa nguvu. Sasa yakanushe moja moja. Si wote wanapenda chakula cha mama lishe: je, hoja imekufa? Bado iko hai, anaweza kuuza zaidi hata kama kumi hawapendi. Hakuna hata abiria mmoja atakayenunua chakula hapo: sasa hoja imelala chali. Hiyo ndiyo dhana ya lazima. Kanusha jibu, kisha tazama kama hoja inaanguka. Ukifanya hivyo mara thelathini kwa mkono, maneno makali kama "all", "never" na "only" yatakuwa yanakuwashia taa nyekundu kila unapoyaona kwenye jibu la swali la aina hii. Kwenye maswali mengine, hasa yale yanayokutaka uikamilishe hoja isiwe na tundu, jibu kali ndilo linalotakiwa, kwa hiyo usiligeuze hili kuwa sheria ya kila mahali.

Chanzo cha tatu, na hapa ndipo msamiati unapohusika kweli, ni maneno yanayojulikana kwa maana moja tu. "Qualified" sote tunaijua: mwenye sifa. Kwenye Ufahamu, mwandishi mwenye "qualified approval" anakubali kwa masharti. Msomaji mmoja alinibishia dakika kumi kwamba mwandishi wa kifungu alikuwa mtaalamu. Maneno ya namna hii hayazidi mia moja, na utayakusanya mwenyewe kwenye daftari bila kununua orodha ya mtu.

Dalili: "Muda unaniishia, maswali sita yanabaki"

Hesabu kwanza. Mantiki ina maswali 24 hadi 26, kwa hiyo kila swali lina kama sekunde 84. Ufahamu una vifungu vinne (kimoja kikiwa na matini mbili za kulinganisha) na maswali takriban 27, yaani dakika 8 na sekunde 45 kwa kila kifungu pamoja na maswali yake.

Chanzo nambari moja si usomaji wa polepole. Ni swali moja au mawili yaliyokula dakika nne kila moja kwa sababu ulikataa kushindwa. Kagua hivi: rudia kipande ukiwa umejirekodi skrini, kisha tazama ulikaa wapi. Ni aibu tupu, lakini utaona mwenyewe. Tiba: ukifika dakika mbili bila jibu, chagua herufi, weka bendera, songa. Unaruhusiwa kurudi nyuma ndani ya kipande kilekile, ila ukishatoka kipande hakifunguki tena.

Chanzo cha pili: kusoma hoja kabla ya kujua unaulizwa nini, halafu kuisoma tena. Soma swali kwanza kwa wiki mbili uone kama linakusaidia. Kwa wengine linasaidia, kwa wengine linavuruga. Pima, usiniamini mimi.

Chanzo cha tatu: kutoacha dakika ya mwisho kwa kubahatisha. Hakuna adhabu ya kukosea, kwa hiyo swali tupu ni hela uliyoiacha mezani. Onyo la dakika tano likitokea kwenye skrini, jaza herufi moja kwa maswali yote yaliyobaki, kisha tumia muda uliosalia kuyaboresha.

Dalili: "Kwenye karatasi niko sawa, kwenye skrini natota"

Mara nyingi sababu ni kwamba umejifunzia kwenye PDF iliyochapwa au kwenye simu kitandani. Hamia LawHub mwezi mzima kabla ya mtihani, kwenye skrini yenye ukubwa unaokaribiana na ile utakayoikuta, ukitumia kipanya. Jifunze zana zake zote: rangi za kukoleza, kupigia mstari, kufuta jibu, bendera, ukubwa wa herufi.

Sababu ya pili ni kupaka rangi kila kitu. Nimeona kifungu cha Ufahamu kimekolezwa njano, pinki na chungwa mpaka kikafanana na khanga ya mchumba. Jiwekee kikomo: paka mahali mwandishi anapogeuka, kwenye "but", "however", "yet", na mahali anapotoa maoni yake. Basi.

Macho yakiuma au mistari ikicheza hata baada ya kukuza herufi na kupunguza mwanga, acha kujilazimisha na umwone daktari wa macho. Ukiwa na tatizo la macho, la kusoma au la kiafya lenye vyeti, LSAC ina utaratibu wa kukuongezea muda au kukupa zana nyingine, lakini ombi lina tarehe ya mwisho yake kabla ya mtihani. Usingoje.

Dalili: "Kompyuta inagoma"

Neno kwanza kuhusu mahali. LSAC ilitangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 karibu watahiniwa wote wataufanyia mtihani wa maswali kituoni, na wa nyumbani ubaki kwa wenye sababu zilizokubaliwa. Hata ukiwa wa kituoni usiruke sehemu hii: insha bado unaiandikia nyumbani, mbele ya kamera.

Ukaguzi wa mfumo ukikataa, fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

1. Zima laptopu kabisa kisha uiwashe upya. Kuifunika tu si kuizima. Funga WhatsApp, Zoom na kila kinachojifungua chenyewe.
2. Angalia ruhusa za kamera na maikrofoni kwenye mipangilio ya kompyuta, halafu za kivinjari. Zote mbili.
3. Chomoa skrini ya pili, kamera ya ziada, na hedifoni za Bluetooth.
4. Zima VPN.
5. Hiyo ni laptopu ya nani? Ya ofisi au ya chuo huwa na programu za ulinzi zinazozuia programu ya mtihani, na wewe huna mamlaka ya kuziondoa. Hapa ndipo jioni nyingi zimepotelea. Azima laptopu ya mtu binafsi.
6. Sasa ndipo ulaumu intaneti. Pima chumba kilekile, saa ileile ambayo utafanya mtihani, wakati watoto wa jirani nao wako mtandaoni. Waya ukipatikana, tumia waya.

Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki kuna moja linalosahaulika. Umeme ukikatika laptopu inabaki na betri, ruta inakufa papo hapo. Nunua au azima kile kibetri kidogo cha ruta, au uwe na simu yenye bando la kutosha na hotspoti uliyokwisha kuijaribu. Na tafadhali angalia salio la LUKU au tokeni jana yake. Usicheke, imetokea.

*Simama hapa:* usianze kuchokonoa mafaili ya mfumo wala kuondoa programu ya ulinzi kwa kufuata video ya mtandaoni usiku wa kuamkia mtihani. Piga simu msaada wa kiufundi uliotajwa kwenye barua pepe yako ya uthibitisho. Mtandao ukikatika katikati, usiondoke kitini na usifungue kitu kingine. Unganisha upya, ingia kwa njia uliyoelekezwa, mweleze msimamizi. Andika saa kamili na maneno ya ujumbe wa kosa, kisha uwaandikie LSAC siku hiyohiyo.

Dalili: "Nimerudishwa mlangoni"

Jina ndilo mkosaji mkuu. Pasi zetu hubeba majina matatu, wakati mwingine manne, na watu hufungua akaunti ya LSAC kwa majina mawili wanayoitwa kazini, au kwa jina la ndoa wakati pasi ni ya kabla ya ndoa. Fungua akaunti, weka pasi pembeni, linganisha herufi kwa herufi jina la kwanza na la mwisho. Marekebisho yana tarehe ya mwisho, na msimamizi wa mlangoni hana uwezo wa kukuhurumia. Angalia pia tarehe ya pasi kuisha.

Linalofuata ni saa. Aliyezoea saa tatu asubuhi akaona 9:00 hana shida, shida ni mwenye kuona 3:00 PM akaingia kichwani kama saa tatu. Kama saa imeandikwa kwa saa za mashariki ya Marekani, Nairobi na Dar ziko mbele kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi. Mabadiliko hutokea mwanzoni mwa Novemba, karibu kabisa na mtihani wa Novemba. Iandike kwa saa yako kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Dalili: "Wenzangu wamepata alama, mimi bado"

Karibu kila mara ni insha. Kama hujawahi kufanya insha iliyopokelewa, alama zako zinabaki zimefungiwa hata kama maswali uliyamaliza vizuri. Insha hufunguliwa siku nane kabla ya tarehe ya mtihani, na ni bora uimalize mapema, kwa sababu nayo hukaguliwa. Kama insha ipo na bado kimya, angalia barua pepe, pamoja na ile folda ya taka, kisha piga LSAC.

Dalili: "Siku yenyewe nilishuka"

Kushuka alama mbili tatu si ugonjwa, hata siku za mazoezi alama hupanda na kushuka. Ukishuka zaidi ya hapo, tazama kwanza kama mazoezi yako yalikuwa halisi: vipande vinne mfululizo, mapumziko ya dakika 10 tu, bila simu, saa ileile ya siku. Wengi hufanya vipande viwili leo na viwili kesho, kisha wanashangaa kuchoka kwenye cha tatu. Pili, usingizi, hasa kwa wenye zamu. Omba ruhusa ya usiku mbili kabla ya mtihani, ukiweza tatu. Kama moyo unadunda mpaka huoni maandishi, na hali hiyo inakufuata hata nje ya mtihani, hilo ni la daktari au mshauri nasaha.

Kabla ya kujiandikisha tena, kumbuka kuna kikomo: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zake bado hutumwa kwenye shule, na mara saba maisha yote. Shule zitaona alama zako, kwa hiyo usitumie mtihani halisi kama mazoezi.

Utakapoanza kuuliza uliza kwenye makundi ya WhatsApp baada ya kushuka, atajitokeza mtu wa kukuuzia "maswali yenyewe", au wa kukufanyia kwa mbali. Hapo usipime chochote. Ukikamatwa, taarifa ya udanganyifu inafika kwenye shule unazoomba, na hata ukipenya, siku ya kuomba leseni ya uwakili utaulizwa kuhusu mwenendo wako. Mfungie namba, kisha urudi kwenye swali ulilokosa jana.